Maji Maangavu Si Lazima Yawe Maji Safi

Mara nyingi tunapowatembelea walimu-wanafunzi katika mazoezi ya kufundisha, tunakuta somo la kuchuja maji likiishia mahali pabaya. Mwalimu humimina maji ya tope katika chujio la mchanga, yanapodondoka yakiwa maangavu, hutangaza, "Sasa ni maji safi." Mtoto wa Munisagara, wilayani Kilosa, auonaye Mto Mkondoa ukijaa tope wakati wa masika, ataliamini neno hilo, naye atayanywa. Hapo somo litakuwa limezaa maradhi.

Tunapendekeza hatua tatu.

Kwanza, wanafunzi watambue mpaka wa chujio. Baada ya kuchuja tope, wachuje kwa kitambaa maji yaliyokorogwa chumvi, kisha wayaanike juani katika sahani yenye rangi nyeusi. Yakikauka, chumvi itaonekana. Watajifunza kwamba chujio huzuia kilicho kikubwa kuliko matundu yake, kilichoyeyuka hupita. Ndivyo ipitavyo floraidi, iliyo nyingi katika maji ya baadhi ya sehemu za Arusha na Kilimanjaro, ambayo hugeuza meno ya watoto kuwa ya kahawia. Kuchemsha huua vijidudu, lakini hakuondoi floraidi: maji yakipungua kwa mvuke, yaliyobaki huwa nayo kwa ukali zaidi.

Pili, waone njia ya kunasa. Maji yenye matone machache ya wino yapitishwe polepole katika unga wa mkaa uliooshwa. Rangi hufifia kwa kuwa wino hung'ang'ania nyuso za chembe za mkaa. Mwalimu alifanye jaribio hili peke yake kwanza, ajue kiasi cha mkaa kinachofaa.

Tatu, waelewe kwa nini chembe ndogo hunasa zaidi. Kata kipande cha mche wa sabuni chenye sentimeta 1 kila upande. Eneo la nyuso zake zote ni sentimeta za mraba 6. Kikigawanywa katika vipande vya milimeta 1, jumla hufika 60. Kama kingegawanywa hadi nanometa 1, yaani sehemu moja ya bilioni ya meta, jumla ingefika meta za mraba 6,000, karibu sawa na uwanja wa kandanda!

Juu ya kanuni hiyo Mtanzania mwenzetu, Dkt. Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela, Arusha, alibuni chujio linalounganisha mchanga na chembe za nano zilizochaguliwa kulingana na uchafu wa maji ya mahali husika. Mwaka 2015 alipata tuzo ya uhandisi ya Afrika inayotolewa na Chuo cha Kifalme cha Uhandisi cha Uingereza, pamoja na pauni 25,000. Kwingineko chembe za namna hiyo hutiwa katika utando mwembamba, ili utando uzuie na kunasa kwa pamoja.

Kila hatua imalizike kwa swali moja: "Nini kimeondoka, na nini kimebaki?" Maji ya majaribio yasinywewe kamwe, yamwagwe mbele ya darasa. Mwanafunzi akirudi nyumbani akiuliza swali hilo kando ya mtungi, hapo tutajua kwamba tumefundisha.