Mimweko ya Gama: Kutoka Nyotani na Kutoka Mawingu ya Radi

Katika matumizi ya makini, Kiswahili kina maneno matatu ya dhoruba, na kila moja lina mipaka yake: umeme ni mwanga unaoonekana, ngurumo ni sauti inayosikika, na radi ni ule mpigo unaoshuka na kupasua mti au kuunguza nyumba. (Katika Kiarabu lilikotoka, neno radi lina maana ya ngurumo, Kiswahili ndicho kilichoihamisha maana hiyo kutoka sikioni hadi kwenye mti uliopasuka.) Hata hivyo, dhoruba hiyohiyo huweza kutoa kitu cha nne, ambacho jicho halikioni wala sikio halikisikii, na ambacho hakikujulikana na mtu yeyote hadi miaka ya 1990. Katika makala haya kinaitwa mmweko wa gama. Istilahi hiyo haikukopwa mbali, kwani kitenzi kumweka ni cha umeme tangu zamani. Kilichoongezwa ni jina la miali tu.

Miali ya gama ni ya jamaa moja na mwanga wa kawaida na eksirei, lakini nishati yake ni kubwa mno. Hutolewa na viini vya atomu vinavyovunjika, au na elektroni ziendazo kwa kasi inayokaribia ile ya mwanga zinapozuiwa ghafla. Miali ya gama inayotoka mbali angani haiwezi kuifikia ardhi, kwa sababu hewa huimeza. Hewa huonekana kuwa kitu chepesi, ilhali uzito wake wote juu ya kila kichwa ni sawa na ule wa maji yenye kina cha mita 10. Anayetaka kuipokea miali hiyo hana budi kupanda juu ya hewa, na ndiyo maana habari hii yote ni habari ya setelaiti.

Setelaiti za kwanza kuikuta mimweko hiyo hazikutumwa kuitafuta. Mwezi wa Agosti 1963 Marekani, Muungano wa Kisovyeti na Uingereza zilitia saini mjini Moscow mkataba wa kukomesha majaribio ya nyuklia hewani, majini na anga za juu. Mwezi wa Oktoba mwaka huohuo Marekani ilirusha setelaiti mbili za kwanza za Vela, ambazo kazi yake ilikuwa kuchunga kama mkataba unafuatwa, kwa maana bomu la nyuklia halilipuki bila kutoa miali ya gama. Tarehe 2 Julai 1967 vyombo hivyo vilirekodi mmweko usiofanana na wa bomu. Rekodi hiyo iliwekwa kando, na nyingine zikafuata. Baadaye Ray Klebesadel, Ian Strong na Roy Olson, wa maabara ya Los Alamos, walilinganisha saa ambazo mmweko mmoja ulizifikia setelaiti mbalimbali. Kwa kuwa setelaiti hizo zilikuwa mbalimbali sana, tofauti ndogo ya muda, isiyofika sekunde moja, ilitosha kuonyesha upande wa chanzo. Havikuwa vyanzo vya duniani wala vya jua. Mwaka 1973 watu hao watatu walitangaza mimweko 16 iliyotokea kati ya 1969 na 1972. Hivyo askari aliyewekwa kuwachunga majirani aliishia kuona mambo ya nyota.

Kwa karibu miaka 20 iliyofuata mabishano hayakwisha: je, vyanzo hivyo vimo katika kundi letu la nyota, au viko mbali kupita kiasi? Tarehe 5 Aprili 1991 chombo Atlantis kilipeleka angani setelaiti ya Compton, iliyobeba kifaa kiitwacho BATSE. Kifaa hicho kilikuwa na vigunduzi vinane, kimoja katika kila pembe ya setelaiti. Ndani ya kila kigunduzi mlikuwa na bamba la fuwele ya chumvi ya iodini. Mwali wa gama ukiipiga fuwele, hutokea mwanga hafifu; mwanga huo hugeuzwa kuwa mpigo mdogo wa umeme, na kompyuta huuhesabu. Kigunduzi kilichoelekea chanzo huhesabu zaidi kuliko vyenzake, na kwa kulinganisha hesabu za vyote vinane upande wa chanzo hujulikana. Hadi mwaka 2000 BATSE ilikuwa imeorodhesha mimweko 2,704. Ilitapakaa sawasawa angani pote bila kujikusanya kwenye ule ukanda wa nyota unaoonekana usiku, jambo lililowapa nguvu waliosema kwamba vyanzo viko mbali.

Uthibitisho ulipatikana mwaka 1997 kwa setelaiti BeppoSAX ya Italia na Uholanzi, na hapa pwani ya Waswahili inaingia katika habari, kwani setelaiti hiyo ilizunguka juu ya ikweta na kuteremsha rekodi zake katika kituo cha Malindi. Tarehe 28 Februari ilinasa mmweko, na saa chache baadaye ikaona eksirei zikififia mahali palepale. Mmweko mwingine, wa mwezi wa Mei, ulipimwa umbali wake kwa darubini za ardhini: mabilioni ya miaka ya mwanga. Leo inajulikana kwamba mimweko mirefu kwa kawaida hutoka katika nyota kubwa mno zinazoporomoka ndani yake zenyewe. Ule mfupi wa tarehe 17 Agosti 2017, uliofika sekunde 1.7 baada ya mawimbi ya uvutano, ulitoka katika nyota mbili za nyutroni zilizogongana umbali wa miaka ya mwanga ipatayo milioni 130.

Malindi ilikuwa imezoea kazi hizo. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya ukumbusho wa uhuru wa Kenya, jukwaa la Waitaliano la San Marco, lililosimama baharini karibu na hapo, lilirusha setelaiti ya Marekani ya kuchunguza eksirei. Ilipewa jina Uhuru, na hadi leo nyota ilizoziorodhesha hutajwa kwa herufi U, kama vile 4U, yaani orodha ya nne ya Uhuru. Wanaodai kwamba Kiswahili hakina nafasi katika sayansi ya anga wangefanya vyema kuzifungua orodha hizo.

BATSE ilileta pia jambo ambalo halikutazamiwa kabisa. Mwaka 1994 Gerald Fishman na wenzake walitangaza mimweko michache ambayo vigunduzi vilivyoielekea dunia ndivyo vilivyoihesabu zaidi. Ilitoka chini, na kila mara palikuwa na dhoruba karibu. Ilikuwa mifupi mno. Mimweko ya namna hiyo kwa kawaida hudumu chini ya milisekunde moja, yaani sehemu moja ya elfu ya sekunde, ilhali kipindi kifupi kuliko vyote ambacho kompyuta ya BATSE ilikitumia kuamua kama kuna mmweko kilikuwa milisekunde 64. Miali michache ya dhoruba ilipotea katika ile ya kawaida iliyojaza kipindi kilichobaki. Katika miaka tisa ilipatikana mimweko isiyofika 80, na wengi wakadhani kwamba ni jambo la nadra.

Unadra huo ulikuwa wa chombo, haukuwa wa mawingu. Setelaiti RHESSI, iliyorushwa mwaka 2002 kwa ajili ya jua, haikuchagua: ilihifadhi kila mwali na wakati wake, na uamuzi ukaachiwa watu walioko ardhini. Mwaka 2005 David Smith na wenzake walionyesha kwamba RHESSI pekee ilipata mimweko kati ya 10 na 20 kila mwezi. Fermi, iliyorushwa mwaka 2008, ilipobadilishiwa utaratibu vivyo hivyo, hesabu yake ilipanda hadi mamia kwa mwaka.

Chanzo chake kilikuwa kimebashiriwa zamani. Mwaka 1925 C. T. R. Wilson alieleza kwamba ndani ya wingu la radi elektroni huweza kusukumwa kwa nguvu kuliko zinavyozuiwa na hewa, zikazidi kukimbia. Mwaka 1992 Alexander Gurevich na wenzake waliongeza kwamba kila elektroni ya namna hiyo hung'oa nyingine, nazo zikang'oa nyingine, mithili ya maporomoko. Zikipita karibu na viini vya atomu za hewa, hutoa gama.

Tarehe 14 Desemba 2009 Fermi ilikuwa juu ya Misri, mahali pasipo na dhoruba, ikapigwa na mmweko. Dhoruba ilikuwa Zambia, kilomita zipatazo 4,500 kusini, chini kabisa ya upeo wa macho ya setelaiti. Gama huenda moja kwa moja na haiwezi kupinda hivyo. Zilizofika zilikuwa elektroni na positroni, ambazo gama huzizaa juu ya hewa, zikiwa zimefuata mistari ya usumaku wa dunia. Positroni ni mada-kinyume. Wingu la mvua la nchi inayopakana na Katanga lilikuwa limeitengeneza.

Kwa Kongo swali ni zito zaidi. Kipimo cha setelaiti cha miaka 16, 1998 hadi 2013, kilihesabu karibu na Kabare, magharibi ya Ziwa Kivu, umeme mara 205 kwa mwaka katika kila kilomita mraba, na kuliweka eneo hilo la pili duniani baada ya Ziwa Maracaibo la Venezuela. Bonde la Kongo ni moja ya sehemu tatu zenye mimweko mingi, pamoja na Amerika ya Kati na visiwa vya kusini-mashariki ya Asia. Setelaiti AGILE ya Italia, iliyofanya kazi tangu 2007 hadi Januari 2024 na kuteremsha rekodi zake huko Malindi pia, ilipita juu ya bonde hilo katika kila mzunguko. Lakini ukigawa mimweko kwa idadi ya umeme, Afrika ya Kati iko nyuma ya sehemu zile nyingine mbili. Jibu moja lililopendekezwa ni urefu wa mawingu: mmweko unaotokea chini zaidi humezwa na hewa kabla ya kutoka, na setelaiti huhesabu tu kile kilichotoka.

Shaka hiyo imeongezwa uzito na ndege. Mwezi wa Julai 2023 ndege ya NASA ya aina ya ER-2 ilipita mara kumi juu ya dhoruba za Karibi na Amerika ya Kati, kwa kimo cha kilomita zipatazo 20. Ilikuta mawingu yakitoa gama kwa muda mrefu, yakichemka kama chungu, pamoja na mimweko dhaifu ambayo setelaiti zisingeweza kuiona. Kuhusu mawingu ya Kabare, takwimu zilizotajwa hapa zote ni za setelaiti.