Umri wa Nyota Iliyolishwa na Mwenzake

Nyota haina cheti cha kuzaliwa. Umri wake tunaukisia hasa kutokana na uzito wake na kiasi cha hidrojeni ilichokwisha kuteketeza. Nyota nzito ina hidrojeni nyingi, lakini huila kwa pupa: Jua letu litadumu takribani miaka bilioni 10 kabla hidrojeni ya kiini chake haijakwisha, ilhali nyota yenye uzito mara tatu ya Jua humaliza yake katika muda usiofika miaka milioni 500. Kwa hiyo nyota nzito ya buluu huhesabiwa kuwa changa.

Algol, au Rasi ya Ghuli, iliivuruga hesabu hiyo. Iko katika kundinyota la Farisi, umbali wa miaka ya nuru 90 hivi, na jioni za Desemba huonekana upande wa kaskazini hata kwa aliye Dar es Salaam. Mwaka 1783 John Goodricke, kijana kiziwi wa Uingereza, alieleza kwamba mwanga wake hufifia kila baada ya siku 2 na saa 21 hivi, akadokeza kuwa huenda gimba fulani hupita mbele yake. Alikuwa sahihi: Algol ina nyota mbili zinazozungukana.

Ajabu iko kwenye umri. Moja, ya buluu, ina uzito unaozidi mara tatu ule wa Jua, na ingali katika ujana wake. Ya pili haifikii hata uzito wa Jua, lakini ndiyo iliyozeeka: imevimba, imepoa, na hidrojeni ya kiini chake imekwisha. Nyota ndogo kiasi hicho, ikiwa peke yake, isingefika hapo hata katika miaka bilioni 13.8 ya ulimwengu mzima. Na jozi kama hii huzaliwa pamoja.

Jawabu lilipatikana katika miaka ya 1950: iliyo ndogo leo ndiyo iliyokuwa kubwa. Ilizeeka kwanza, ikavimba hadi kuvuka mpaka ambapo mvutano wake unazidiwa na ule wa mwenzake, na gesi yake ikamiminikia upande wa pili. Nyota iliyopokea ikanenepa na kung'aa zaidi. Muhimu kuliko yote, kiini chake kilipanuka na kuvuta ndani hidrojeni ambayo haijaguswa. Huo ni ujana wa kweli kwa upande wa fueli, ingawa miaka iliyopita haikufutika. Ukiipima kwa uzito wake wa sasa, utaipa umri pungufu. Ukimpima mtoaji hivyo hivyo, utapata umri usiowezekana.

Ndiyo maana sikubali umri wa nyota moja moja kabla ya kuuliza kama iliwahi kuwa na mwenza. Mwaka 1953 Allan Sandage aliona katika kundi la nyota la M3 nyota za buluu ambazo zingepaswa kuwa zimezeeka zamani. Baadhi ya nyota za aina hiyo hutokana na kugongana. Lakini katika kundi la NGC 188, lenye umri wa miaka bilioni 7 hivi, darubini ya Hubble imenasa kando ya baadhi ya nyota kama hizo vibete vyeupe vyenye joto kali: viini vya watoaji, vilivyobaki vitupu. Kibete cheupe hupoa kwa mwendo unaojulikana, hivyo joto lake hutuambia gesi ilihama lini. Kwa baadhi ya jozi hizo, ni miaka milioni mia chache tu iliyopita.