Miti ya Vitako vya Bunduki za Kale

Tarehe 25 Novemba 1918 jeshi la Wajerumani la Afrika Mashariki liliweka silaha chini mjini Abercorn, uitwao sasa Mbala, kusini mwa uwanda wa juu wa Ufipa. Nyingi za bunduki hizo zilikuwa zimetekwa kwa Waingereza na Wareno. Vita vilipoanza mwaka 1914, askari wengi walikuwa bado na Mauser ya mwaka 1871, iliyopiga risasi moja moja na kutoa moshi mwingi. Mitambo ilitofautiana, lakini vitako kwa kawaida vilichongwa kwa mbao za mti wa aina moja, nao ni mjozi.

Risasi inapotoka, bunduki hurudi nyuma kwa nguvu iliyo sawa na ile iliyoisukuma risasi na gesi zake. Teke hilo hupokelewa na kitako kabla ya kufika begani, kwa hiyo mbao inayopasuka kwa urahisi haifai. Wafipa, waliosifika kwa kuyeyusha chuma katika tanuru ndefu za udongo ziitwazo malungu, walilijua jambo hili kwa upande wa mpini wa jembe. Uzito nao ni hoja. Mita moja ya ujazo ya mbao kavu ya mjozi ina kilo kama 640. Ile ya mpingo hupita kilo 1,200, na askari atembeaye mwezi mzima hangeushukuru mpingo kwa uzuri wake.

Sifa iliyo ngumu zaidi kupatikana ni utulivu. Kuta za seli za mbao hunywa unyevu wa hewa na kuvimba, kisha hukauka na kusinyaa. Kitako kikijipinda hata kidogo huusukuma mtutu upande mmoja, na risasi hukosa shabaha ingawa macho ya askari hayana kosa. Ufipa ni mahali pa kulifahamu jambo hili, maana mvua za Novemba hadi Aprili hufuatwa na miezi mikavu yenye upepo. Aidha, askari aliyepanda kutoka Kasanga, kwenye ngome ya Wajerumani iliyoitwa Bismarckburg, hadi uwandani, alibadili hewa ndani ya siku chache.

Mbao ya mjozi, ikikauka kabisa kutoka ubichi, husinyaa kama asilimia 7.5 kwa kufuata pete za ukuaji. Ile ya Fagus sylvatica, mti wa Ulaya uliotumiwa mjozi ulipoadimika wakati wa vita, husinyaa karibu asilimia 12. Ikichukuliwa kwamba unyevu umebadilika kwa sehemu moja ya tano tu ya kiasi hicho, kitako chenye upana wa milimita 40 kitabadilika kwa milimita 0.6 kikiwa cha mjozi, na karibu milimita 1 kikiwa cha Fagus. Ndiyo sababu vipande vya mjozi vilianikwa miaka kadhaa kabla ya kuchongwa, kisha vikapakwa mafuta ya kitani. Mafuta hupunguza mwendo wa unyevu, hayauzuii kabisa.

La ajabu ni kwamba mninga wa miombo, upatikanao kwenye misitu iliyo chini ya uwanda wa Ufipa, una uzito unaokaribia ule wa mjozi, na husinyaa chini ya asilimia 3. Viwanda vya Ulaya vilichagua mti vilioujua na kuuzoea. Wajerumani, badala ya kutafuta mti mwingine, walianza miaka ya 1930 kugandisha mbao nyembamba kwa gundi, tabaka moja likizuia jingine lisijipinde.

Darasani jambo hili hupimika kwa mabaki ya karakana ya seremala. Kipande cha mninga na cha msindano, vyenye upana sawa, hulowekwa maji siku tatu, hupimwa, kisha hukaushwa juani wiki mbili na kupimwa tena. Kipimo kichukuliwe kukatisha nyuzi, kwa kuwa kwa urefu wa nyuzi mbao karibu haibadiliki.