Hukumu isiyo na askari: Mahakama ya Arusha na kesi za raia jeshini Uganda

Tarehe 16 Novemba 2005, Mahakama Kuu mjini Kampala iliwapa dhamana watu 14 walioshitakiwa kwa kesi ya uhaini. Kabla hati za dhamana hazijakamilika, askari wenye silaha walikuwa wameizingira mahakama. Kazi ya kuandaa hati ikavurugwa, na watu hao 14 wakarudishwa gerezani. Siku iliyofuata, wao na wenzao walipelekwa mbele ya mahakama ya kijeshi na kusomewa mashitaka mapya ya ugaidi na ya kumiliki silaha kinyume cha sheria, ingawa walikuwa raia.

Tarehe 16 Novemba 2024, miaka 19 kamili baadaye, mwanasiasa mkongwe wa upinzani wa Uganda, Kizza Besigye, alitekwa akiwa Nairobi, nchini Kenya. Siku nne baadaye alionekana Kampala, kizimbani, mbele ya mahakama ya kijeshi. Besigye si mgeni wa mkasa huu. Mwaka 2005 yeye ndiye aliyekuwa mshitakiwa mkuu katika kesi ileile ya uhaini.

Kati ya tarehe hizo mbili, suala la raia kuhukumiwa na wanajeshi lilifikishwa kwenye Mahakama ya Katiba ya Uganda, kwenye Mahakama ya Juu ya nchi hiyo, na pia nje ya mipaka yake, katika Mahakama ya Afrika Mashariki iliyoko Arusha, Tanzania. Wadai walishinda mara kadhaa. Hata hivyo, mtekaji hakuzuilika. Ndiyo maana wengi katika ukanda huu huuliza: kuna faida gani kuipeleka serikali yenye nguvu mbele ya majaji wa nje wasio na hata askari mmoja wa kutekeleza amri yao?

Kilichoamuliwa Arusha

Baada ya tukio la 2005, Chama cha Mawakili wa Uganda kilikwenda Mahakama ya Katiba. Januari 2006 mahakama hiyo iliamua kwamba kitendo cha askari kuingilia amri ya dhamana kilikuwa kinyume cha katiba. Washitakiwa waliendelea kushikiliwa. Machi 1, 2007, dhamana ilipotolewa tena, askari waliivamia tena Mahakama Kuu. Safari hii majaji wa Uganda wenyewe waligoma kwa siku kadhaa, jambo ambalo ni nadra kutokea popote.

Hapo ndipo washitakiwa, wakiongozwa na James Katabazi, walipoifikisha serikali ya Uganda mbele ya Mahakama ya Afrika Mashariki. Serikali ilijitetea, na hoja mojawapo ilikuwa kwamba mahakama hiyo haikuwa na mamlaka ya kusikiliza kesi za haki za binadamu.

Hoja hiyo ilikuwa na uzito. Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, uliotiwa saini Novemba 30, 1999, unasema kwamba mamlaka ya mahakama hiyo juu ya haki za binadamu yataongezwa baadaye, kwa itifaki maalumu. Itifaki hiyo haikuwapo mwaka 2007. Lakini mkataba huohuo, katika ibara za 6 na 7, unazifunga nchi wanachama kuheshimu utawala bora na utawala wa sheria. Katika hukumu yake ya Novemba 1, 2007, majaji walisema kwamba hawawezi kudai mamlaka wasiyopewa juu ya haki za binadamu. Papo hapo walisema kwamba hawatakwepa wajibu wao wa kuufasiri mkataba eti kwa sababu tu shauri lililo mbele yao linagusa haki hizo. Wakahitimisha kwamba kutumia askari kuzuia amri halali ya mahakama ni kuuvunja mkataba.

Tangu siku hiyo, mlango ambao serikali zilidhani haujafunguliwa ulionekana kuwa wazi. Mawakili kutoka nchi nyingine za Jumuiya wameutumia mara nyingi, katika kesi za kukamatwa watu bila kushitakiwa na za sheria zinazobana vyombo vya habari.

Mahakama mbili, mji mmoja

Wasikilizaji wengi huchanganya taasisi mbili zilizoko Arusha. Ya kwanza ni hiyo Mahakama ya Afrika Mashariki, chombo cha Jumuiya. Ya pili ni Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, chombo cha Umoja wa Afrika. Tofauti yao ina uzito kwa mtu wa kawaida.

Ili raia aende mwenyewe kwenye Mahakama ya Afrika, nchi yake lazima iwe imetoa tamko maalumu la kuruhusu jambo hilo. Uganda iliridhia itifaki ya mahakama hiyo, lakini haijatoa tamko. Rwanda ilitoa, kisha ikaliondoa mwaka 2016. Tanzania, mwenyeji wa mahakama yenyewe, ililiondoa lake mwaka 2019, na mwaka uliofuata Benin na Côte d'Ivoire zikafuata njia hiyohiyo. Kwa maneno mengine, serikali inayoshitakiwa ndiyo inayoshika ufunguo wa mlango.

Mahakama ya Afrika Mashariki haihitaji tamko la namna hiyo. Mtu yeyote anayeishi katika nchi mwanachama anaweza kufungua shauri, na halazimiki kwanza kumaliza ngazi zote za mahakama za nchini mwake. Zaidi ya hayo, si lazima asafiri hadi Arusha ili kuwasilisha hati, kwa kuwa mahakama ina masijala ndogo katika nchi wanachama.

Vikwazo havikosekani. Kwanza ni muda. Mlalamikaji ana miezi miwili tu tangu kitendo kilipofanyika au alipokijua. Sharti hilo liliingizwa kwenye mkataba baada ya mahakama kuwaudhi wakubwa. Novemba 2006 majaji walisimamisha kuapishwa kwa wabunge wa Kenya katika Bunge la Afrika Mashariki, na kabla mwaka haujaisha viongozi wa nchi wanachama walikuwa wameubadili mkataba. Waliweka ukomo wa miezi miwili, kitengo cha rufaa, na sababu mpya za kumwondoa jaji kazini. Ukomo huo umeua kesi nzito. Mwaka 2012 kitengo cha rufaa kilitupilia mbali shauri la mauaji na mateso ya Mlima Elgon nchini Kenya, si kwa sababu madai yalikuwa ya uongo, bali kwa sababu yalichelewa.

Pili ni lugha. Kwa mujibu wa mkataba, lugha ya mahakama hiyo ni Kiingereza. Mkulima au mchuuzi anayezungumza Kiswahili atahitaji mkalimani ili aelewe hukumu iliyoandikwa kwa jina lake.

Tatu ni utekelezaji, na hapa ndipo swali la mwanzo linaporudi. Hukumu ya 2007 ilitamka kosa. Haikuja na ufunguo wa gereza.

Safari ndefu ya swali moja

Huko Uganda, kesi za raia mbele ya mahakama za kijeshi hazikukoma. Mwaka 2011 shirika la Human Rights Watch lilisema kwamba zaidi ya raia 1,000 walikuwa wameshitakiwa katika mahakama hizo kwa muda wa takriban muongo mmoja. Wengi wao hawakuwa wanasiasa maarufu. Walikuwa vijana waliotuhumiwa kwa ujambazi wa kutumia bunduki, ambao majina yao hayakufika magazetini.

Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Banjul, Gambia, ilikuwa imekwisha kuweka mwongozo mwaka 2003: mahakama za kijeshi zisiwe na mamlaka juu ya raia kwa hali yoyote ile. Mwongozo si sheria ya nchi. Lakini wakili anayesimama mbele ya jaji wa nyumbani huwa hana tena haja ya kusema, “mimi naona hivi.” Husema, “Afrika imekubaliana hivi.”

Mwaka 2016 aliyekuwa mbunge wa Nakawa, Michael Kabaziguruka, alikamatwa na kufikishwa mbele ya mahakama ya kijeshi. Alipinga. Julai 2021 Mahakama ya Katiba ilimpa ushindi kwa wingi wa kura za majaji, na serikali ikakata rufaa. Rufaa hiyo ilikaa zaidi ya miaka mitatu bila kuamuliwa. Ni baada ya Besigye kutekwa Nairobi, na macho ya dunia kuelekezwa Kampala, ndipo uamuzi ulipotolewa. Januari 31, 2025, Mahakama ya Juu chini ya Jaji Mkuu Alfonse Owiny-Dollo iliamua kwamba kuwahukumu raia katika mahakama za kijeshi ni kinyume cha katiba, na ikaagiza kesi zao zihamishiwe kwenye mahakama za kawaida.

Rais Yoweri Museveni, aliye madarakani tangu 1986, aliukosoa uamuzi huo hadharani. Hoja yake ni kwamba mahakama za kiraia zina mrundikano wa kesi, na kwamba mahakama za kijeshi zilisaidia kurejesha utulivu katika maeneo kama Karamoja, ambako silaha zilikuwa zimezagaa mikononi mwa wafugaji. Ni hoja inayosikika pia kwa baadhi ya wananchi waliochoshwa na ujambazi. Wanaoipinga hujibu kwamba dawa ya mrundikano ni kuongeza majaji, na kwamba hakimu anayevaa sare na kupokea amri kutoka kwa wakubwa wake hawezi kuwa huru, hata akiwa na nia njema.

Februari 2025, baada ya Besigye kugoma kula gerezani, kesi yake ilihamishiwa kwenye mahakama ya kiraia, akashitakiwa kwa uhaini. Mei mwaka huohuo Bunge lilipitisha sheria mpya ya jeshi inayoruhusu tena raia kushitakiwa katika mahakama za kijeshi kwa makosa kadhaa, na Juni Rais akaitia saini.

Faida iko wapi?

Mtu anaweza kuitazama historia hii na kuona duara lililorudi palepale lilipoanzia. Lakini kuna tofauti kati ya 2005 na leo. Mwaka 2005 askari walifunga njia ya mahakama kwa mabavu. Mwaka 2025 serikali ililazimika kuhamisha kesi, kupeleka muswada bungeni, na kutetea hoja zake mbele ya umma. Mabavu yalihitaji kuvaa vazi la sheria, na sheria inaweza kupingwa mahakamani.

Haiwezi kudaiwa kwamba hukumu ya Arusha ya 2007 ndiyo iliyozaa uamuzi wa Kampala wa 2025. Kinachoonekana wazi ni kwamba watu tofauti, katika mahakama tofauti, waliuliza swali lilelile kwa karibu miaka 20, na kila walipouliza jibu liliandikwa. Serikali inaweza kukataa kulitekeleza jibu hilo. Haiwezi kulifuta, wala kusema kwamba hakuna aliyewahi kuuliza.

Kwa mfungwa anayesubiri, hiyo ni faraja ndogo. Watu 14 wa mwaka 2005 walikuwa na amri halali ya dhamana mkononi, na walilala gerezani usiku ule. Ila chombo cha majaji wa nchi jirani kilitamka, kwa maandishi, kwamba waliotendewa hivyo walidhulumiwa. Sheria mpya ya Uganda itakapopingwa, mawakili watakaosimama hawataanza na karatasi tupu.