Mashini ya sendika ilitufungia mulango: dirisha moja ya «root», siku tatu bila dosie

Siku tatu tulikaa mu biro ya sendika, mashini inawaka, lakini hakuna aliyeweza kuingia. Unaandika neno la siri, ekrani inakuwa nyeusi kidogo, halafu inakurudisha palepale penye kuomba neno la siri. Hii ilianza siku ya Jumanne. Ijumaa tulikuwa na mazungumzo na wakubwa wa kazi juu ya dekonte finale ya wale waliosimamishwa. Majina yao, tarehe ya kuingia kazi, ngazi ya mushahara, hata majina ya wajane, vyote vilikuwa ndani ya ile mashini.

Hakuna mwizi aliyeingia. Hakuna virusi. Tuliifunga sisi wenyewe kwa mukono wetu. Tunaandika habari hii juu tunajua kama nyumba nyingi za wafanyakazi leo ziko na ordinatere ya okazio, na mutoto wa nyumba ameweka Linux ndani. Ile iliyotupata inaweza kumupata kila mutu.

Mashini yetu ni ya mezani, iko na Linux Mint 19. Tulichagua Linux juu haiombi kulipa leseni, na inatembea muzuri hata kama mashini imezeeka. Ndani ya Linux kila mutu iko na jina lake na dosie zake, na hawezi kugusa za mwenzake bila ruhusa. Juu ya wote kuko mumoja anaitwa root. Huyu hakuna kadena inayomuzuia. Anafuta, anaandika, anabadilisha hata zile dosie zinazosimamisha mashini yenyewe. Mutu wa kawaida akihitaji nguvu ile kwa kazi moja, anaandika neno «sudo» mbele ya amri, anatoa neno lake la siri, kazi inafanyika, nguvu inaisha.

Sasa mumoja wetu, mutu wa bidii sana, alitaka kuingiza dosie za wanamemba kutoka kwenye kile kijiti cha USB. Alibonyeza dosie, menyu ikamuletea fasi ya kuifungua kama root, naye akaona: muzuri, hivi haitanisumbua. Dirisha ilifunguka na mustari mwekundu juu. Ule mustari unaonya. Yeye alifikiri ni urembo.

Kesho yake mama sekretere alisema: «Papa, majina ninayaona, lakini kuandika inakatala.»

«Uko na hakika mama? Jana niliandika.»

Kweli aliandika, lakini aliandika akiwa root. Dosie zote alizoweka siku ile zilitoka na jina la root kama mwenyewe. Mama sekretere aliweza kuzisoma, kuongeza hata herufi moja hapana. Hapo tungesimama na kuuliza mutu anayejua, ingekuwa kazi ya dakika moja. Lakini yule ndugu akafungua terminali, akaandika sudo na jina la programu ya dosie, halafu sudo na LibreOffice, halafu nyingine tena, mpaka jioni. Kila kitu kilitembea. Tukamushangilia.

Asubuhi ya Jumanne mulango ulikuwa umefungwa.

Kijana mumoja anayetengenezaga mashini ku cité njo alitufungulia siku ya Alhamisi. Hakuvunja kitu. Alibonyeza Ctrl, Alt na F2 pamoja, ikaja ekrani nyeusi ya maandishi tu, akaingia na jina letu na neno la siri letu la kila siku. Akatuonyesha dosie ndogo yenye kufichwa, jina lake .Xauthority. Ile ni kama jeton unayoonyesha mulangoni: bila hiyo, madirisha hayafunguki. Mwenyewe wa jeton yetu alikuwa amekuwa root. Mashini ilitutambua, lakini jeton hatukuweza kuigusa tena. Akaandika hivi:

sudo chown -R $USER: $HOME

Maana yake: vyote vilivyo ndani ya nyumba yangu virudie jina langu. Tukaingia. Tulilipa franga ya kazi yake na tukamuuliza juu ya nini mambo haya yanatokea.

Jibu lake tulilielewa haraka juu sisi ni batu ya mugodi. Amri moja ya sudo ni sawa na butefe, yule wa dinamiti. Anachukua ku depo idadi iliyoandikwa, kwa mashimo yaliyohesabiwa, na anatia sahihi. Lakini dirisha nzima iliyofunguliwa kama root ni kumupa ufunguo wa depo na kumuambia: ingia, fanya unavyotaka, zunguka nayo mpaka kantini. Programu yenye madirisha ni kitu kikubwa. Inasoma picha, inasoma herufi, inaita programu nyingine ndogo ambazo hata hauzioni, na inaandika dosie zake za siri ndani ya nyumba yako. Ukiifungua na nguvu ya root, hizo zote zinapata nguvu ile. Mu matoleo ya zamani kama yetu, sudo ilikuwa inaacha nyumba yako kuwa yako huku mwenye kuandika ni root. Njo vile jeton iliharibika.

Jambo la pili lilituuma zaidi. Mashini yetu inaandikaga kila matumizi ya sudo ndani ya /var/log/auth.log: nani, saa ngapi, amri gani. Kwa sendika ni kitu cha maana, juu mali ya wote inahitaji daftari. Tulipofungua ile daftari tulikuta imeandikwa tu kama programu fulani ilifunguliwa. Nini kilifanyika ndani ya dirisha, dosie gani ilifutwa, hakuna hata neno. Daftari ya depo inayosema «aliingia» bila kusema alitoka na detonatere ngapi, mukaguzi gani angeikubali?

Na kuko hatari ya kusikilizwa. Madirisha ya Linux kwa miaka mingi yalitembea juu ya X11, iliyotoka mwaka 1987. Mu X11 kila dirisha inaweza kusikiliza klavie ya dirisha lingine. Inaweza hata kujifanya wewe ndiye unabonyeza. Programu mbaya bila nguvu yoyote, ikikaa karibu na dirisha ya root, inaweza kuipitia. Juu ya hiyo mufumo mupya, Wayland, unatenga madirisha, na mara nyingi ukijaribu sudo na programu ya madirisha inakataa tu. Batu banalalamika. Sisi hatulalamike tena.

Basi sasa tunafanya hivi. Kubadilisha dosie moja ya mufumo, tunatumia sudoedit na jina la dosie: inafanya kopi, unaandika kama wewe mwenyewe, halafu kopi tu ndiyo inarudishwa na nguvu ya root. Kuongeza programu, tunaacha mashini yenyewe iombe neno la siri wakati wa kazi ile. Programu ya kukata disiki kama GParted inahitaji root kweli, tunaifungua, tunamaliza, tunaifunga. Kosa letu lingine ni kwamba Mint 19 ilimaliza kupokea marekebisho mwaka 2023. Bado iko juu ya meza yetu, na mwezi huu tunaibadilisha.

Ijumaa tulifika ku meza ya mazungumzo na majina yote, karatasi zikiwa na wino haujakauka.

Wewe uliye na mashini ya Linux nyumbani, jioni hii fungua terminali na uandike:

find ~ -user root

Kama haikuletee kitu, lala muzuri. Kama inaleta majina, sasa unajua amri ya kuyarudisha.