Kuvunjika Pasipo Mfupa: Jinsi Uume Unavyopona Baada ya Upasuaji

Mbwa, popo, sili na komba wa misitu ya Afrika ya Mashariki wana mfupa ndani ya uume. Binadamu hana. Hata hivyo, madaktari husema kwamba uume wa mtu "umevunjika", na usemi huo si wa mzaha. Wataja jeraha halisi, ingawa la nadra, ambalo humpata mwanamume kwa ghafla. Likitibiwa mapema, jeraha hilo hupona vizuri kuliko watu wengi wanavyodhani. Likifichwa, laweza kuacha kilema. Tofauti baina ya matokeo hayo mawili yaeleweka kwa fizikia na biolojia zifundishwazo katika shule za sekondari.

Ugumu utokao kwa damu

Ndani ya uume mna mihimili miwili ya tishu laini, yenye matundu mengi kama sifongo, iliyolala sambamba. Chini yake upo mhimili wa tatu, mwembamba zaidi, unaouzunguka mrija wa mkojo. Ile miwili ya kwanza imefunikwa na ganda jeupe, imara, lililosukwa kwa nyuzi za kolajeni pamoja na nyuzi zinazonyumbuka. Uume unaposimama, damu hujaa katika matundu, ganda hukaza, na mishipa ipelekayo damu nje hubanwa. Damu ikinaswa hivyo, ugumu hupatikana bila ya mfupa, kama tyubu ya baiskeli inavyokuwa ngumu kwa hewa iliyojazwa ndani.

Ugumu huo, hata hivyo, una hatari yake. Uume ukiwa umelala, ganda lina unene wa milimita 2 hivi. Ukisimama, ganda hutanuka, na unene wake hupungua hadi kati ya milimita 0.5 na 0.25. Kwa hiyo kani hubebwa na ukuta uliopungua unene mara nne hadi mara nane, na mkazo katika nyuzi zake huongezeka vivyo hivyo. Majaribio yameonyesha kwamba ganda huweza kuhimili kanieneo ya milimita 1,500 hivi za zebaki kabla ya kupasuka, yaani zaidi ya mara kumi ya ile ya damu katika mishipa ya mtu mwenye afya. Moyo peke yake hauwezi kufikisha kiasi hicho. Hufikiwa pale uume uliosimama unapokunjwa ghafla.

Sababu na dalili

Mara nyingi jeraha hutokea wakati wa tendo la ndoa, uume unapochomoka na kugonga mfupa wa nyonga wa mwenzi. Wengine hupatwa kwa kugeuka usingizini. Huko Kermanshah, magharibi mwa Iran, sababu kuu ilionekana kuwa nyingine: mazoea ya kuukunja uume kwa mkono ili utoe mlio, kama watu wanavyoalisha vidole. Kwa Kikurdi desturi hiyo huitwa taqaandan. Daktari Javaad Zargooshi wa mji huo alichapisha mwaka 2000 taarifa ya wagonjwa 172, na mwaka 2009 taarifa ya wagonjwa 352 waliokusanywa katika muda wa miaka 18. Taarifa hizo, zilizo miongoni mwa kubwa kabisa kuhusu jeraha hili, zilionyesha kwamba wengi wa waliofanyiwa upasuaji walirudia hali yao ya kawaida.

Dalili ni wazi. Husikika mlio, hufuata maumivu, na uume hulegea papo hapo. Kisha damu huvilia chini ya ngozi, uume huvimba na kugeuka rangi kama ya biringani. Damu ikitoka katika tundu la mkojo, au mgonjwa akishindwa kukojoa, yafaa kushuku kwamba mrija wa mkojo nao umechanika.

Kwa nini kushona?

Zamani madaktari wengi walitumia barafu, bandeji na dawa za kutuliza maumivu, wakaliacha jeraha lijifunge lenyewe. Lilijifunga, lakini kwa kovu. Kingo za mpasuko zikikaa mbalimbali, mwili huliziba pengo kwa kovu pana, na kovu halitanuki kama ganda la asili. Mwalimu aweza kulionyesha jambo hili darasani: abandike kipande cha plasta ubavuni mwa puto refu, kisha alipulize. Puto litapinda kuelekea upande wenye plasta. Ndivyo uume wenye kovu kubwa unavyopinda unaposimama.

Daktari mpasuaji huondoa damu iliyovilia, huutafuta mpasuko, ambao kwa kawaida ni wa sentimita moja au mbili, na kuzikutanisha kingo zake kwa nyuzi zinazoyeyuka zenyewe mwilini. Mrija wa mkojo ukiwa umechanika, hushonwa pia, na mgonjwa huwekewa mpira wa mkojo kwa muda.

Wiki za kupona

Kushona ni mwanzo tu. Siku za kwanza chembe za damu husafisha jeraha. Kisha chembe nyingine hufuma kolajeni mpya. Na kwa miezi kadhaa nyuzi hizo hupangwa upya na kukazwa. Kidonda cha ngozi, baada ya wiki tatu, huwa na sehemu moja tu kwa tano ya uimara wa ngozi nzima. Ndiyo sababu mgonjwa huambiwa ajizuie na tendo la ndoa kwa wiki nne hadi sita, hata kama maumivu yamekwisha. Uume kusimama wenyewe usingizini ni jambo la kawaida, wala si ishara ya hatari.

Kupona hakupimwi kwa kufunga kidonda tu. Huulizwa kama uume husimama imara, umenyooka, hauumi, na kama mkojo watoka vizuri. Tangu mwaka 1997 watafiti hutumia pia hojaji ya maswali 15, ili matokeo ya nchi mbalimbali yaweze kulinganishwa. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2016, uliojumlisha wagonjwa zaidi ya 3,000, ulionyesha kwamba wasiofanyiwa upasuaji walipata matatizo mengi zaidi kuliko waliofanyiwa. Baadhi ya waliopona kimwili hubaki na hofu kwamba jeraha litarudi. Hao nao wahitaji ushauri wa daktari, si kicheko.

Haya na gharama zake

Upasuaji wafaa ufanywe mapema, ikiwezekana katika saa 24 za mwanzo. Aliyechelewa siku kadhaa asikate tamaa, kwani wengi wa namna hiyo wameshonwa wakapona. Asiyekwenda kabisa ndiye aliye hatarini zaidi, na mara nyingi kinachomzuia ni haya. Wahenga walisema: mficha uchi hazai. Katika jeraha hili methali hiyo yaweza kuwa kweli neno kwa neno. Kijana anayejua majina ya viungo vyake na kazi zake, na aliyezoea kuyasikia darasani pasipo cheko, atapata maneno ya kumweleza daktari siku atakapoyahitaji.