Kanuni au Maana? Mjadala wa Njia za Kufundishia Hisabati

Kila mwalimu wa hisabati hukabiliwa na swali moja anapotayarisha somo lake: je, mtoto aanze kwa kuipokea kanuni na kuirudia mpaka aizoee, au aanze kwa kuielewa maana ya jambo lenyewe? Swali hili limewagawa walimu, wazazi na wanahisabati kwa miaka mingi, na mara mbili au tatu limebadilisha mihtasari ya masomo ya nchi nzima. Makala haya yanakusudia kueleza chanzo cha mjadala huo, kupima nguvu na udhaifu wa kila upande, na kuonyesha kwa mfano jinsi pande hizo ziwezavyo kukutana katika kipindi kimoja.

Njia ya mapokeo

Katika njia ya mapokeo mwalimu huandika kanuni ubaoni, hufanya mifano michache, kisha wanafunzi hufanya mazoezi mengi ya namna ile ile. Majedwali ya kuzidisha hukaririwa kwa sauti. Njia hii haistahili kubezwa. Mtoto asiyejua kwa moyo kwamba 7 × 8 ni 56 hutumia nguvu zake zote katika kuzidisha, na akifika kwenye hesabu za sehemu huwa amekwisha choka kabla hajaanza kufikiri. Wepesi wa kuhesabu hauji kwa siku moja. Haba na haba hujaza kibaba. Tena, pale ambapo wanafunzi ni wengi na vitabu ni vichache, njia hii yawezekana.

Udhaifu wake ni kwamba kanuni isiyo na maana husahaulika upesi, na hata ikikumbukwa, mwanafunzi hajui mahali pa kuitumia. Akipewa fumbo la maneno huuliza: "Mwalimu, hapa tunajumlisha au tunazidisha?" Swali hilo laonyesha kwamba amejifunza matendo bila kujifunza sababu zake.

Hisabati mpya

Mwaka 1957 Urusi ya Kisovieti ilirusha chombo cha Sputnik angani, na Marekani ikaanza kuyatazama upya masomo ya sayansi na hisabati katika shule zake. Mwaka 1958 kundi la wataalamu chini ya Edward Begle lilianza kuandika vitabu vya namna mpya. Uingereza nayo ilianzisha mradi wake wa hisabati mashuleni mwaka 1961. Afrika haikuachwa nyuma: mwaka 1962 walimu na wanahisabati wa Kiafrika, Kimarekani na Kiingereza walikutana Entebbe, Uganda, kuandika vitabu vilivyokuja kujulikana kwa jina la mji huo.

Vitabu hivyo vilianza na seti, vikafundisha sheria za namba na namna za kuhesabu zisizotumia makumi. Nia ilikuwa njema: mtoto aone kwamba hisabati ni mfumo mmoja wenye mantiki, si fungu la hila. Lakini walimu wengi walipewa vitabu kabla ya kupewa mafunzo. Wazazi walioweza kuwasaidia watoto kugawanya hawakuweza kuwasaidia kuandika alama za seti. Na alama hizo, zilipofundishwa na mtu asiyeelewa shabaha yake, ziligeuka kuwa kanuni nyingine za kukariri. Huko Marekani, Morris Kline alizilaumu mbinu hizo katika kitabu chake cha mwaka 1973. Nchini Kenya, hisabati mpya ilifutwa mashuleni mwaka 1981.

Kuna funzo jingine lililotoka Liberia. John Gay na Michael Cole, katika kitabu chao cha mwaka 1967 kuhusu Wakpelle, walieleza kwamba wakulima hao walikadiria idadi ya vikombe vya mpunga kwa usahihi kuliko Wamarekani waliopewa kazi ile ile. Maarifa ya vipimo yalikuwapo kijijini, ila shule haikuyatumia.

Mjadala wafufuka

Mwaka 1989 chama cha walimu wa hisabati cha Marekani kilitoa mwongozo uliosisitiza kutatua mafumbo, kujadiliana na kutumia vifaa. Katika miaka ya 1990 wazazi na wanahisabati wa California waliupinga, wakihofia kwamba watoto hawatajua kuhesabu. Mwaka 2008 jopo la kitaifa la nchi hiyo lilieleza kwamba kuelewa dhana, wepesi wa kuhesabu na ufundi wa kutatua mafumbo husaidiana. Mwingereza Richard Skemp alikwisha eleza mwaka 1976 kwamba neno "kuelewa" lina maana mbili: kujua la kufanya, na kujua pia kwa nini lafanywa. Walimu wengi hubishana bila kutambua kwamba kila mmoja ana maana yake.

Mfano: kugawanya kwa sehemu

Tuchukue hesabu hii: 3 ÷ ¾. Kanuni yasema: pindua sehemu, kisha zidisha. Mwanafunzi huandika 3 × 4/3 na kupata 4. Jibu ni sahihi, lakini kwa nini tumepindua?

Mwalimu na alete mchele, au hata mchanga, na vipimo vya zamani vya pwani. Pishi moja ni visaga viwili, au vibaba vinne. Nyumba fulani ina pishi 3 za mchele, na kila siku hupika robo tatu ya pishi. Mchele utatosha siku ngapi? Wanafunzi wapime wenyewe. Wataona kwamba pishi 3 ni vibaba 12, na robo tatu ya pishi ni vibaba 3. Kwa hiyo mchele watosha siku 4.

Sasa mwalimu arudi ubaoni. Kuzidisha kwa 4 kumegeuza pishi kuwa vibaba. Kugawanya kwa 3 kumetupa idadi ya siku. Kuzidisha kwa 4 na kugawanya kwa 3 ni sawa na kuzidisha kwa 4/3. Kanuni imezaliwa mbele ya macho ya wanafunzi. Baada ya hapo, na si kabla, wapewe mazoezi kumi au ishirini mpaka wasihitaji tena vibaba.

Hitimisho

Mfano huu waonyesha utaratibu ufaao: kitu kwanza, maneno ya wanafunzi pili, kanuni tatu, mazoezi mwisho. Mwalimu anayeishia kwenye vibaba amemwacha mtoto njiani. Anayeanzia kwenye mazoezi amemtwika mzigo asioujua.

Jambo hili si la walimu peke yao. Miongoni mwa watoto walio mbele yetu, wako watakaoendelea na masomo ya juu, na wako watakaosimama mbele ya mizani ya mnunuzi wa korosho au pamba. Huyu wa pili akihesabu polepole atapunjwa. Akihesabu upesi bila kuelewa, atapunjwa vilevile. Mihtasari itaendelea kubadilika, lakini dakika arobaini za kipindi zi mikononi mwa mwalimu mwenyewe.